Sloppy joe isiyo na sukari sukari, namna ya kuipika hapa hapa Dodoma

Kwa ambaye hajawahi kuila, sloppy joe ni nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya na vitunguu mpaka ikawa rojo zito, inajazwa kwenye bansi, unaila ya moto na mikono inachafuka. Ni chakula cha Wamarekani, wanacho tangu miaka ya 1930 huko na watoto wao wamekila sana shuleni, na 1969 kampuni ya Hunt's ikaanza kuuza mchuzi wake tayari kwenye kopo wanauita Manwich, unafungua kopo unamwaga kwenye nyama basi umemaliza. Ni chakula kizuri, rahisi, kinashibisha watu wengi kwa nusu kilo ya nyama. Tatizo lake ni utamu. Inatoka tamu kama jamu, na sisi watu wa kula nyama na chumvi na pilipili na kachumbari tukiionja hivyo tunaiweka pembeni, na mi naona ni hasara maana ikipikwa vizuri ni tamu kwa maana ya kunoga kabisa.

Kwanza jua huo utamu unatoka wapi. Mapishi mengi yanakwambia uweke nusu kikombe mpaka kikombe kizima cha tomato sosi ya chupa, alafu na sukari ya brauni vijiko viwili vitatu juu yake. Piga hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha tomato sosi ya kawaida kina gramu 4 hivi za sukari, yani sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Nusu kikombe ni vijiko 8 vya chakula. Kwaiyo kabla hata hujaigusa hiyo sukari ya brauni ushamwaga vijiko 8 vya chai vya sukari kwenye nusu kilo ya nyama, alafu unakuja kuiweka kwenye bansi ambayo nayo ina sukari. Chukua chupa ya tomato sosi jikoni kwako usome nyuma, vitu huwa vinaandikwa kuanzia kilichowekwa kingi kwenda kidogo, angalia sukari iko ya ngapi kwenye huo mstari.

Sasa watu wanasema basi nitoe sukari niweke nyanya tupu. Hapo unapata kitu kichachu, kimepooza, mchuzi wa nyanya na nyama ndani. Ile sukari haikuwekwa bure, iliwekwa kutuliza uchachu wa nyanya na kuipa rojo uzito mdomoni. Ukiitoa lazima uweke kitu kingine kishike ile nafasi, na hicho kitu kinatoka sehemu nne: nyama iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, vitunguu vilivyoiva taratibu, nyanya ya kopo iliyokaangwa kwenye mafuta kabla ya maji, na kitu cha chumvi chumvi chenye kina. Ukizishika hizo nne huhitaji hata punje ya sukari.

Tuanze na nyama maana hapo ndo wengi wanapokosea. Nenda bucha asubuhi, mwambie kaka wa bucha akukatie steki uione kwa macho, alafu ndo aisage mbele yako. Usichukue ile iliyosagwa tayari iko kwenye beseni, hujui imekaa tangu saa ngapi, na nyama iliyosagwa inaharibika haraka kuliko kipande kizima kwa sababu bakteria waliokuwa juu tu wakisagwa nayo wanaingia mpaka ndani. Mwambie asage mara moja, tena kwa ile sahani yenye matundu makubwa, ukisaga mara mbili inakuwa uji. Na hawa ng'ombe wetu wa huku, wa kienyeji wenye nundu wanaotembea kutwa Bahi na Chamwino kutafuta majani, nyama yao ina ladha kali nzuri ila mafuta ni kidogo sana, ukipika steki tupu inakuwa kavu kama machicha. Kwaiyo omba kipande cha nundu kama gramu 80 kwa kila nusu kilo kisagwe pamoja. Lile fati la nundu linayeyuka polepole na ndo linaloipa rojo ule ulaini ambao wengine wanautafuta kwenye sukari. Ukiwa umeenda mnada wa Msalato Jumamosi basi ndo umepata kila kitu, ila rudi nayo nyumbani mapema, usiiache kwenye buti la gari wewe unaendelea na nyama choma.

Vitunguu tafuta vya Singida, vile vyekundu vyenye ukali, viwili vikubwa. Nyanya fresh nne zilizoiva kabisa mpaka zinabonyea, zile zinazotoka Ilula huwa na nyama nyingi maji kidogo. Hoho moja ya kijani (usiweke nyekundu wala ya njano, hizo ni tamu). Karoti nusu tu, hii nitaieleza. Kitunguu swaumu punje nne au tano. Nyanya ya kopo kile kipaketi cha gramu 70. Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, na kwa kweli mtu wa Dodoma au Singida kupikia mafuta mengine wakati alizeti imejaa mlangoni mi sielewi. Haradali ya chupa, ile mastadi ya njano, kijiko kimoja cha chai. Pilipili manga ya kusaga kijiko kimoja cha chai, binzari nyembamba ya kusaga nusu kijiko, paprika kijiko kimoja ukiwa nayo, pilipili kichaa au mbuzi kadiri ya watu wako. Chumvi. Soya sosi ile nyeusi ya chumvi kijiko kimoja cha chakula, hakikisha sio ile nzito tamu, ziko mbili na chupa zinafanana. Hiyo nusu kilo inatosha bansi sita zilizojaa.

Usiweke mdalasini, hiliki wala karafuu. Najua mkono unaenda wenyewe kwa mazoea ya pilau, ila hivyo viungo vinaifanya akili ihisi utamu hata pale ambapo sukari haipo, na sisi ndo tunaukimbia.

Sasa kile kitu cha chumvi chenye kina. Wamarekani wanaweka Worcestershire, ile sosi nyembamba ya Kiingereza, kwenye supamaketi kubwa ipo ila bei yake inauma kwa chupa ndogo. Lakini ukisoma ilichotengenezwa nacho utakuta siki, chumvi, samaki wadogo waliochachushwa, kitunguu, kitunguu swaumu, na ukwaju. Ukwaju! Ambao huku kwetu watoto wanaokota chini ya mti. Kwaiyo tunatengeneza ya kwetu, na inakuwa nzuri kwa hii kazi kuliko ile maana ile nayo ina sukari na molasi ndani.

Chukua ukwaju gramu 50 hivi, ule wa kawaida wenye kokwa na sio ule wa ubuyu ubuyu uliopakwa sukari na rangi, loweka kwenye nusu kikombe cha maji ya moto robo saa, kamua kwa mkono, chuja. Utapata juisi nzito. Alafu chukua dagaa wakavu kama kumi na tano, toa vichwa na matumbo, wakaange bila mafuta kwenye kikaangio kikavu mpaka wanukie na wavunjike, kisha watwange kwenye kinu kidogo wawe unga. Wa Kigoma ni wazuri zaidi, ukitumia wengine waangalie mchanga, waoshe uwakaushe juani kwanza. Unahitaji nusu kijiko cha chai tu cha huo unga. Najua kuna ambao hapa wananiona nimepotea, dagaa kwenye nyama ya ng'ombe, ila nusu kijiko hakitoi harufu ya samaki kabisa, kinachofanya ni kuifanya nyama iwe na ladha ya nyama zaidi. Mtu hatajua. Anayeandaliwa awe hana mzio wa samaki tu, hilo uliza kwanza. Soya sosi kijiko kimoja, juisi ya ukwaju vijiko viwili vya chakula, unga wa dagaa nusu kijiko, koroga kwenye kikombe weka pembeni. Hiyo ndo roho ya chakula chote.

Haya twende jikoni.

Tumia kikaangio kizito au sufuria pana, pana ni muhimu kuliko kubwa. Weka moto mkali, mkaa uliokolea vizuri au gesi yote, mafuta kijiko kimoja yapate moto kweli. Gawa nyama mara mbili, weka nusu ya kwanza, ibonyeze chini itandae kama chapati nene, alafu toa mkono. Usikoroge. Dakika tatu au nne iache tu. Hapa ndo watu wanashindwa kuvumilia, wanakoroga toka sekunde ya kwanza, nyama inatoa maji, inachemka kwenye maji yake inakuwa ya kijivu. Nyama haiwezi kuwa kahawia ikiwa ndani ya maji, maji hayapiti nyuzi 100, na hapa Dodoma tuko mita elfu moja mia na kitu juu ya usawa wa bahari yanachemka kwenye 96 hivi, wakati ule ukahawia unahitaji nyuzi 140 kwenda juu. Ndo maana tunagawa mara mbili, ukijaza sufuria moto unashuka. Kama nyama ilikuwa kwenye friza iache iyeyuke kabisa, mwaga maji yake. Ikishika rangi upande wa chini ivunje vunje na mwiko, igeuze, dakika mbili nyingine, itoe weka kwenye bakuli, weka nusu ya pili. Usitie chumvi mpaka hapa, chumvi inavuta maji nje.

Chini ya sufuria kutakuwa na vitu vya kahawia vimegandia. Usioshe. Punguza moto uwe wa katikati, ongeza kijiko kingine cha mafuta, mimina vitunguu ulivyokata vidogo vidogo na hoho na chumvi nusu kijiko cha chai. Sasa chumvi inatusaidia, yale maji yanayotoka kwenye vitunguu yanabandua ule ukahawia wote wa chini, kwangua na mwiko. Vipike taratibu dakika 12 mpaka 15. Sio mpaka viungue na sio mpaka viwe tamu tamu rangi ya karameli, unataka vilainike vipoteze ukali, vianze tu kubadilika rangi pembeni. Ile nusu karoti ikwangue kwenye greta upande wa matundu madogo kabisa uitie hapa. Karoti ina utamu wake mdogo wa asili, nusu karoti kwenye sufuria nzima huwezi kuuonja, lakini inatosha kuushika uchachu wa nyanya. Inayeyuka, hutaiona tena.

Kitunguu swaumu kilichotwangwa, binzari, paprika, pilipili manga, koroga kama dakika moja mpaka harufu ipande.

Sasa sukuma kila kitu pembeni, pale katikati palipo wazi mimina ile nyanya ya kopo yote, gramu 70, na uikaange kwenye mafuta. Ikaange kweli, dakika tatu, unaikoroga inajipaka kwenye sufuria mpaka inatoka ule wekundu wa kung'aa inakuwa kama rangi ya matofali, na utaona mafuta yanaanza kujitenga. Nyanya ya kopo mbichi ina ladha ya bati na uchachu mkali, ikikaangwa inageuka kabisa, inakuwa na kina. Hatua hii ikirukwa ndo unaanza kutafuta sukari baadaye, na wengi wanairuka.

Nyanya fresh zikwangue kwenye greta, ganda libaki mkononi ulitupe, mimina rojo lake. Rudisha nyama na juisi yake yote iliyochuruzika kwenye bakuli. Mimina ile mchanganyiko yetu ya ukwaju na soya na dagaa, mastadi, maji ya moto kikombe kimoja, au supu ya mifupa kama ulikuwa nayo. Nzuri zaidi. Ikichemka punguza moto kabisa, funika nusu, acha dakika 25 mpaka 30, unaangalia unakoroga chini isishike. Kwenye jiko la mkaa toa mkaa kiasi pembeni.

Kuna anayependa kuweka mvinyo na sisi ndo wenye zabibu, inawezekana, nusu glasi ya mvinyo mwekundu mkavu unaiweka baada ya kukaanga nyanya ya kopo unaacha ikauke kabla ya kuendelea. Mkavu lakini. Usiweke dompo, dompo ni tamu utakuwa umerudi kule kule tulikotoka. Na asiyetumia hakosi kitu, ukwaju unafanya hiyo kazi.

Utajua iko tayari ukipitisha mwiko katikati ya sufuria njia ikabaki wazi sekunde mbili tatu kabla rojo halijarudi. Sio kavu kama nyama ya sambusa, na sio mchuzi wa kumwagia wali. Onja sasa hivi, sio mwanzoni, maana maji yakipungua chumvi inapanda. Weka chumvi ya mwisho hapa, na pilipili.

Ukionja ukaona bado kuna utamu, labda nyanya zilikuwa tamu sana au vitunguu vimeiva kupita kiasi, ongeza ukwaju kijiko kimoja au kamulia limao, na chumvi kidogo, na pilipili manga. Usiongeze maji, maji hayaondoi utamu yanapooza kila kitu. Ikiwa chachu, iache iendelee kuiva dakika kumi zaidi, kisha zima moto uweke siagi kijiko kimoja, fati inalainisha uchachu vizuri sana. Kuna watu wanaweka magadi au baking soda ili kuua uchachu. Ni kweli inaua, ila inaua na ladha yenyewe na ukizidisha kidogo tu inabaki ladha ya sabuni, mi sishauri.

Sasa bansi, maana unaweza kupika vizuri hivyo alafu ukaharibu hapa. Skonzi za dukani kwa mangi ni tamu, zimetengenezwa za kunywea chai, usizitumie. Tafuta bansi za baga zisizo na sukari nyingi, au ongea na mama anayeoka mtaani kwako akutolee za chumvi, wengi wanakubali ukiagiza kumi kwenda juu. Ukitaka kuoka mwenyewe: unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chai tu na unaweza kuiacha kabisa hamira itaumuka tu kwa kuchelewa kidogo, maji ya vuguvugu mililita 300. Kanda dakika kumi, funika mpaka uwe mara mbili, kata madonge nane, acha tena nusu saa, oka. Kama huna oveni weka kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Zikitoka zifunike na kitambaa hapo hapo, upepo wa Dodoma unakausha mkate haraka hasa miezi ya Julai na Agosti.

Kata bansi katikati, paka siagi au Blue Band kidogo sana upande wa ndani, bandika kwenye kikaangio cha moto huo upande mpaka uwe wa kahawia. Hii sio mapambo. Ule ukavu ndo unazuia rojo lisiloweshe mkate ukavunjika mkononi. Jaza nyama ikiwa ya moto, vijiko vitatu vikubwa, weka juu yake kachumbari isiyo na sukari, kitunguu kilichooshwa na chumvi na siki na pilipili na tango. Ule ubaridi na uchachu juu ya nyama ya moto ni lazima, bila hiyo inachosha kinywa ukifika bansi ya pili. Kabeji iliyokatwa nyembamba na limao nayo inafaa. Chapati pia inafaa, unakunja kama rolo, na nimeona watu wanaila na ugali wa mtama na imekaa vizuri sana.

Familia kubwa, ongeza kikombe kimoja cha dengu za brauni zilizochemshwa zikaiva ila hazijavurugika, unazitia wakati wa kurudisha nyama na unaongeza nusu kikombe cha maji. Hazina utamu na zinanyonya rojo, bansi sita zinakuwa kumi. Kipindi cha Kwaresma kwa wasiokula nyama pika dengu tupu vikombe vitatu kwa njia ile ile, dagaa waweke au watoe kulingana na unavyofunga.

Inayobaki iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, wakati wa joto la Oktoba na Novemba hata mapema zaidi. Kwenye friji inakaa siku tatu mpaka nne, na kesho yake inakuwa nzuri zaidi kwa sababu viungo vimeshaingia. Kwenye friza weka kwenye mifuko midogo ya kupikia mara moja moja. Ukiipasha ongeza maji ya moto vijiko viwili, ichemke kabisa mpaka katikati, na onja tena ukwaju kabla ya kupakua.